Kambale wa Nyambala

Masika ya mwaka ule maji yalikuja, samaki hawakuja.

Mwajabu binti Kondo aliingia majanini asubuhi kama alivyozoea tangu usichana wake, kanga ameikaza kiunoni, tenga lake la kuvulia mkononi. Akalikandamiza tenga topeni, akaingiza mkono kwa juu na kupapasa. Akatoa viluwiluwi. Akasogea mbele kidogo, akakandamiza tena. Akatoa kaa mmoja aliyekonda na fundo la majani yaliyooza. Jua lilipokuwa limepanda vya kutosha kuunguza shingo, wanawake wa kitongoji cha Mkindoni walioingia pamoja naye walisimama wakitazamana, maji magotini, na kitoweo chao chote kikikusanywa pamoja kisingemtosha paka.

“Labda wamechelewa,” alisema Regina, jirani yake.

“Samaki si mgeni wa harusi, Regina. Hawajachelewa. Hawapo.”

Mkindoni iko upande wa Kilosa, pale uwanda wa Mkata unapolala chini kabisa. Mvua zikishiba milimani, mito hushuka na kuvunja kingo zake, maji yakatandaa juu ya nyasi mpaka aliyesimama barabarani akaona mbingu mbili. Wenyeji hawaiiti hali hiyo mafuriko. Husema mbuga imekunywa. Kambale huyafuata maji mapya, hupanda majanini kutaga, na watoto wao hukulia humo humo, penye vuguvugu na wadudu wa kula. Kiangazi kikishika, maji hurudi nyuma polepole. Hubaki madimbwi. Nayo hukauka, moja baada ya jingine, hadi mwisho linabaki moja tu lenye kina, jeusi, limezungukwa na matete na mikindu. Hilo ndilo Nyambala.

Mwajabu alizaliwa hapo, akaolewa hapo hapo na Abubakari, mkulima wa mpunga, mwanamume wa maneno machache. Yeye mwenyewe kazi yake ilikuwa samaki. Alivua na wenzake kwa matenga, akanunua na kwa wavuvi wa mitego ya migono; akawapasua, akawakunja mkia mdomoni, akawabanika kwenye chanja nyuma ya nyumba mpaka wakawa weusi na wakavu kama ngozi ya kiatu. Kisha alipanda nao gari hadi Mikumi, kwa Happiness, mama mwenye mgahawa kando ya barabara kuu, ambako madereva wa malori hushuka wakinyoosha viuno na kuagiza ugali kwa kambale wa nazi. Dereva mmoja alimwambia Happiness kwamba yeye haoni kibao cha Mikumi, anafuata harufu. Kwa moshi ule Mwajabu alisomesha watoto na kuezeka bati.

Sasa chanja ilikaa baridi, na kuku walianza kutagia chini yake.

Sababu aliijua, ingawa hakutaka kuijua. Zamani Nyambala halikuguswa wakati wa kiangazi. Mama yake alimwambia kwamba lina mwenyewe, na kwamba mtu akilivua wakati mengine yamekauka, mwenyewe huyo humfuata hadi nyumbani. Mwajabu hakuwahi kumwogopa sana huyo mwenyewe, lakini hakuwahi kumjaribu pia. Kisha zikaja pampu za mafuta. Vijana walizinunua kwa ajili ya bustani za nyanya, wakagundua kwamba pampu inayoweza kuvuta maji ya kumwagilia inaweza pia kulikausha dimbwi. Wakaanza na madogo. Kiangazi kilichotangulia waliingia Nyambala lenyewe, wakiongozwa na Mbaraka, mdogo wake Mwajabu wa tumbo moja. Walilivuta mpaka tope likameta, kambale wakubwa kama mapaja ya mtu wakigaagaa juu ya matope, na watu wakawazoa kwa ndoo. Samaki wale walibanikwa na nani? Na Mwajabu. Moshi ulipaa siku nyingi, na Happiness alipiga simu kuuliza kama kuna wengine.

Ni rahisi zaidi kumlaumu aliye mbali. Mkindoni nzima ilisema samaki wameuawa na ng'ombe wa wafugaji wa Kimaasai waliohamia jirani, kwa kulikanyaga dimbwi na kulijaza mavi. Mwajabu aliyasema hayo kwa sauti kubwa kuliko wote. Alisimama mbele ya mtendaji wa kijiji, akadai wafugaji waondolewe kando ya mbuga, na watu wakampigia makofi.

Wiki chache baadaye akaja Grace, binti kutoka chuo cha Morogoro aliyekuwa akichunguza samaki wa ardhi oevu ya Mkata. Mtendaji alimpeleka kwa Mwajabu kwa sababu hakuna aliyejua njia za majanini kumshinda.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kuwaona samaki? Umechelewa, ng'ombe wamewamaliza.”

Grace hakubisha. Alivaa mabuti yake ya mpira, wakaenda Nyambala, akatumbukiza kifaa chenye waya kinachopima hewa iliyomo majini, akatega nyavu, akachota tope na kulinusa. Walirudi siku ya pili, na ya tatu. Mwajabu alimbebea ndoo na kumwonyesha mahali pasipozamisha mguu. Siku ya mwisho walikaa juu ya shina la mkindu lililoanguka, wakala mihogo ya kuchemsha, na Grace akasema, “Mama, ng'ombe wanaharibu, ni kweli. Wanaingia kila upande, kingo zinabomoka. Wangefaa kuwa na mlango mmoja tu. Lakini tazama kule.”

Akanyoosha kidole upande wa mashariki, ambako ng'ombe hawakufika kwa sababu ya utelezi. Matete yalikuwa yamesonga kama ukuta, na chini yake hapakuwa na maji tena, bali tope tu lenye mizizi.

“Pale palikuwa maji?” Grace aliuliza.

“Palikuwa maji. Tulikuwa tunaoga pale tukiwa watoto.”

“Ng'ombe anakula matete machanga na kuyavunja. Akiondoka kabisa, miaka si mingi matete yatalifunika dimbwi lote.”

Mwajabu aliacha kutafuna.

“Na kambale hafi kwa maji machafu hivi hivi,” Grace aliendelea. “Ana uwezo wa kupanda juu na kuvuta hewa kama sisi. Perege angekufa kabla yake. Kambale hawa hawakufa, mama. Walichukuliwa. Wale wakubwa waliokuwa wakijificha humu kiangazi ndio waliokuwa wakitoka masika kwenda kutaga. Jike mmoja tu anataga mayai maelfu kwa maelfu.”

“Kwa hiyo tulikula mbegu.”

“Ndiyo, mama.”

Hilo halikuhitaji kufafanuliwa. Katika nyumba ya mkulima wa mpunga, mtu akila mbegu iliyotengwa, hata mtoto anajua kitakachofuata. Mwajabu aliyatazama maji yale meusi, akauliza: “Zimeisha zote?”

Grace akamwambia hazijaisha. Juu, ndani ya hifadhi ya Mikumi, yapo madimbwi ambayo hakuna anayeyakausha, na mafuriko huteremsha samaki wachache kutoka huko. Katika nyavu zake alikuwa amepata kambale watano hivi, wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kama hao wataachwa waishi hadi masika nyingine, kuna pa kuanzia.

Mwajabu alirudi nyumbani, akamkuta Abubakari akinoa jembe.

“Nataka kwenda bomani kwa Lekishon.”

Jembe lilisimama. Lekishon alikuwa mzee wa wale wafugaji, na kati ya boma lake na Mkindoni palikuwa na mambo. Miaka ya nyuma watu walikuwa wamekatana mapanga kwa ajili ya mpunga uliolishwa ng'ombe, na binamu wa Abubakari alibaki na mkono mmoja usiokunjika.

“Nitakusindikiza,” alisema Abubakari.

“Usinisindikize. Ukija na panga lako la shambani, watadhani ni la kazi nyingine.”

Akaenda na Regina, kila mmoja na mfuko wa sukari na majani ya chai. Lekishon aliwapokea nje ya zizi, mzee mrefu, shuka jekundu begani na simu ikining'inia shingoni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Wewe ni yule mama uliyesema kwa mtendaji sisi tuondoke.”

“Ndiye mimi.”

“Na leo umekuja kusema nini?”

“Nimekuja kusema nilikosea nusu.”

Mzee alimtazama, kisha akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. “Nusu! Basi kaa chini, tunywe chai, uniambie hiyo nusu nyingine.”

Mwajabu alimweleza yote: pampu, kambale, matete, mlango mmoja upande wa kaskazini ambako ardhi ni ngumu. Pampu zikikoma, maji yatabaki hadi mvua, na ng'ombe hawatahangaika. Lekishon alisikiliza, akauliza habari za kina cha maji na habari za ndama, akatema mate pembeni. Kisha akasema jambo ambalo Mwajabu hakulitegemea.

“Kaskazini ni kuzuri. Lakini njia ya kufika kaskazini iko wapi? Mmeilima. Ng'ombe wangu wanapita kila mahali kwa sababu mapito yao ya zamani yana mpunga. Nipe njia, nami nitakupa dimbwi.”

“Njia imezibwa na shamba la nani?”

“Yeyo,” mzee alisema, akimwita mama kwa lugha yake, taratibu kama anayempa pole, “shamba la mumeo.”

Walirudi Mkindoni jioni. Mwajabu alimweleza mumewe baada ya chakula. Hakupamba. Alisema majaruba matatu ya mpunga ya chini, yale yanayopata maji mapema, ndiyo yaliyo juu ya mapito, na kwamba bila hayo mapatano hayapo. Abubakari alinawa mikono, akaifuta, akatoka nje. Mwajabu alimwacha. Alimjua mtu huyu. Ukimsukuma anakuwa ukuta, ukimwacha anafikiri.

Asubuhi ilipopambazuka alisikia jembe. Akatoka, akamkuta mumewe yuko bondeni, anabomoa kingo za majaruba yake mwenyewe na kusawazisha udongo.

“Nilivuna vizuri hapa,” alisema bila kuinua kichwa. “Lakini kila mwaka nilikuwa nalala shambani na rungu kuwafukuza ng'ombe. Nimechoka kulala shambani.”

Mwajabu alishuka, akachukua jembe la pili.

Mkutano wa kijiji ulikuwa na kelele. Mbaraka alisimama, akawachekesha watu: “Dada yangu ameolewa mara mbili, ya kwanza na shemeji Abubakari, ya pili na kambale!” Kicheko kikapita, na kilipopita Mwajabu alikuwa bado amesimama. Akawauliza wanawake nani alipata samaki masika ile, anyooshe mkono. Hakunyoosha mtu. Akauliza nani anataka masika ijayo iwe hivyo hivyo. Lekishon naye alisimama, akasema watu wake watafuata mlango mmoja, na atakayepeleka ng'ombe kwingine atatozwa na wazee wake kabla hajatozwa na kijiji. Kura zikapigwa, zikapita kwa taabu: Nyambala halitakaushwa kwa pampu wala kwa ndoo, ng'ombe watanywa kaskazini, na kambale hawataguswa wakiwa majanini wanataga mpaka maji yaanze kurudi. Mtendaji akayaandika hayo kuwa sheria ndogo ya kijiji. Wakajenga boma la miiba kulizunguka dimbwi, wanawake wa Mkindoni na wanawake wa wafugaji pamoja, wakiacha uwazi kaskazini. Walielewana kwa Kiswahili na kwa kucheka, na wafugaji, waliojua kujenga boma tangu utotoni, walilazimika kuurudia upande waliojenga wenzao.

Sheria iliyopigiwa kura wakati wa shibe ni jambo moja; kuishika wakati wa njaa ni jambo jingine. Mwaka ule vuli iligoma. Mawingu yalikuwa yakija kutoka Mikumi, yananguruma kidogo, yanapita. Mahindi ya vuli yalinyauka yakiwa ya kimo cha goti. Madimbwi yote yalikauka, tope likapasuka vipande kama vigae, na Nyambala peke yake likabaki, limepungua, limefinyana, na ndani yake, kila aliyesimama kimya aliwasikia, kambale wakipanda kuvuta hewa. Plop. Kisha kimya. Kisha plop. Watu wenye njaa waliisikia sauti hiyo na kumeza mate.

Walikuja mchana kweupe, Mbaraka na wanaume sita, pampu juu ya toroli, mipira mabegani. Mtoto wa Regina aliwaona, akakimbia kuwaambia wanawake waliokuwa wakikata ukindu, Mwajabu akiwamo. Mwajabu alipofika, mpira ulikuwa umekwisha kushuka majini, na Mbaraka anaijaza pampu maji tayari kuiwasha. Hakupoteza wakati wa kupiga kelele. Aliingia majini na nguo zake, maji yakamfika kiunoni, akapapasa hadi akalipata chujio lililo mwishoni mwa mpira, akalikumbatia.

“Dada, toka majini.”

“Naoga.”

Mmoja wa wanaume alicheka, akajizuia.

“Sifanyi mzaha, dada. Hawa watu watoto wao wanalala na uji. Wewe umekaa unalinda samaki!”

“Nalinda samaki wa watoto hao hao.”

Uso wa Mbaraka ulibadilika. “Samaki wa pampu uliwabanika wewe! Mwaka jana tu! Hukuuliza wametoka wapi, ulihesabu faida ukanyamaza. Leo umekuwa mtakatifu?”

Wote walisikia, na wote walijua ni kweli. Mwajabu naye alijua. Lakini chujio hakuliachia.

“Niliwabanika,” alisema. “Niliwauza na nilikula. Ndiyo maana nimeingia humu mwenyewe, sikumtuma mtu. Ukitaka kuwasha, washa.”

Mbaraka aliwasha. Injini ikanguruma, mpira ukashtuka kama nyoka aliyekanyagwa, chujio likaanza kuvuta. Mwajabu alivua kanga yake ya juu, akalizungushia chujio, akaifunga na kuikaza kwa mikono yote miwili. Mpira ukanywea. Injini ikakohoa, ikapiga kelele tupu, ikazimika. Mbaraka akavuta kamba tena. Ikawaka, ikakohoa, ikazimika.

Wakati huo ndipo ng'ombe walipotokea kwenye mapito, wamekuja kunywa, na nyuma yao vijana wa Lekishon na fimbo zao, na mzee mwenyewe. Waliona pampu. Waliona mwanamke majini na wanaume kingoni. Vijana wale waliwaacha ng'ombe, wakaja mbio, na wenzake Mbaraka nao wakainama kuokota mapanga waliyokuja nayo kukatia matete. Mwajabu aliona kinachokuja. Jambo hili alilijua lilivyo. Alilikumbuka kwa mkono wa binamu wa mumewe.

“Yeyo!” Lekishon aliita. “Tuwatoe?”

“Hapana!” Sauti yake ilitoka kali kuliko alivyokusudia. “Mzee Lekishon, huyu ni mdogo wangu. Mkimgusa yeye, kesho hapatakuwa na habari ya kambale tena, itakuwa habari ya wakulima na wafugaji. Rudisha vijana. Nywesheni ng'ombe.”

Mzee alisimama. Upepo ulipeperusha shuka lake, na hakuna aliyesogea. Kisha akasema neno moja kwa Kimaasai, na vijana wakarudi nyuma, wakinung'unika. Ng'ombe walipita kwenye uwazi wa kaskazini, wakashusha midomo, wakaanza kunywa, bila haraka, mikia ikipiga nzi, na sauti ya kunywa kwao ikajaza mahali pote.

Ni vigumu kukasirika vizuri mbele ya ng'ombe wanaokunywa. Makarius, mmoja wa wale wanaume sita, aliweka ndoo yake chini. “Mimi narudi,” alisema. “Mama yangu naye alipiga kura ya ndiyo.” Mwingine akamfuata, kisha wengine, hadi Mbaraka akabaki peke yake na pampu yake. Alivuta mpira, Mwajabu akauachia. Akaukunja kwa hasira, akautupa kwenye toroli.

“Kuanzia leo huna mdogo.”

“Ninaye,” alijibu Mwajabu. “Utake usitake.”

Mbaraka alipoondoka, Mwajabu alinyoosha mikono ili atoke majini. Regina na mke wa Lekishon, aliyekuja nyuma ya ng'ombe kuchota maji, walimvuta, mmoja mkono huu, mwingine ule. Ruba walikuwa wamemganda nyuma ya magoti. Mke wa Lekishon aliwabandua mmoja mmoja, akimtuliza kwa lugha ambayo Mwajabu hakuielewa na wala hakuhitaji kuielewa.

Hata hivyo njaa haikuondoka kwa ushujaa. Miezi ile ilikuwa mibaya. Wapo waliomtazama vibaya kisimani, na wapo waliosema mbele yake kwamba wenye bati juu ya nyumba wanaweza kulinda samaki. Mwajabu alikwenda Mikumi kuosha vyombo kwa Happiness ili apate unga, akarudi nao, akagawa na wale walewale waliomtazama vibaya, kisha akaenda Nyambala kuangalia miiba kama imebomolewa. Ilibomolewa mara kwa mara. Akaijenga mara kwa mara.

Masika ilikuja imechelewa, lakini ilikuja na hasira zake. Mbuga ilikunywa. Siku ile maji ya kwanza yalipotandaa, wanawake walitoka kutazama, na kabla hawajafika walisikia. Majani yalikuwa yanatikisika bila upepo. Kambale walikuwa wamepanda, katika maji yasiyofika hata kifundo cha mguu, migongo nje, jike na dume wamezungukana, wakipiga mikia kwenye nyasi. Walikuwa wengi kiasi gani? Si kama zamani. Lakini walikuwepo, huku na huku na kule.

Regina alikuwa na panga. Samaki mmoja alikuwa mbele yake kabisa, mnono, amelewa na shughuli yake, asingekimbia hata angeguswa. Regina alikuwa hajaonja kambale tangu mwaka uliopita. Panga likapanda.

“Regina,” Mwajabu alisema.

“Mmoja tu, Mwajabu. Mmoja.”

“Huyo mmoja ana wajukuu tumboni. Leo tunatazama tu.”

Regina alisimama na panga hewani, machozi yakimlengalenga. Kisha akalishusha, akaketi kwenye kichuguu, akalia kwa sauti, na wengine wakaketi karibu naye. Walitazama mpaka jua likawachoma, wanawake wazima wamekaa na njaa yao, samaki wakitaga miguuni mwao. Walijadiliana yupi ni jike na yupi ni dume, wakakosana, wakacheka.

Maji yalipoanza kurudi, waliingia na matenga. Kambale wengi walikuwa wadogo, wa kiganja, na walirudishwa. Waliobaki walitosha mboga ya kila nyumba, na chanja ya Mwajabu ikapata moshi, mdogo, wa siku mbili tatu kwa wiki. Grace alirudi na nyavu zake, akafurahi, lakini hakuficha: ningu, yule samaki mwingine wa mbuga, hakumwona hata mmoja, na huenda asirudi. Mwajabu alilipokea hilo kwa uchungu. Ningu ndiye samaki aliyependwa na mama yake.

Mbaraka hakusema naye miezi mingi. Siku ya Idi alikuja na mkewe na watoto, akasalimia, “Shikamoo, dada,” kama mtu anayeng'oa jino, akala pilau, akazungumza na shemeji yake habari za nyanya anazomwagilia karibu na Magole. Hakuomba radhi. Mwajabu hakumdai. Walipoaga alimfungia mkewe kambale wawili kwenye gazeti, na Mbaraka alilitazama furushi lile lakini hakulirudisha.

Sasa kuna neno jipya. Mwaka huu amekuja mtu kutoka mbali, mwenye gari na ramani, anayetaka kuchimba mtaro mkubwa utakaotoa maji yote ya mbuga ili apande miwa. Anasema ardhi ile imekaa bure. Kikao kimeitishwa kwenye ofisi ya kata, na Mwajabu aliamka mapema, akapiga pasi gauni lake la shughuli. Alipofika ofisini, milango ilikuwa bado imefungwa. Lekishon alikuwa amekwisha fika, amekaa kwenye benchi, fimbo kati ya magoti.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umekula?”

“Bado.”

Alitoa chupa ya maziwa mgando, akampa. Mwajabu akanywa, akafuta mdomo, akasogea karibu na mlango ili ukifunguliwa wawe wa kwanza kuingia.